Miezi mitatu ya giza Unguja

Wadau, umeme ukikatika saa mbili tu hapa mjini utasikia kelele: simu haina chaji, mechi imetupita, maisha basi! Leo naomba tukumbushane kwamba kisiwa kizima cha Unguja kiliwahi kukaa bila umeme wa gridi kwa miezi mitatu.

Na msidhani Zanzibar ni wageni wa umeme. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ndilo jengo la kwanza kuwa na umeme visiwani. Lakini umeme wa jumba la mfalme haukuwa umeme wa wananchi. Mwaka 1980 ndipo waya ulipotandazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Fumba. Uwezo wake ulikuwa megawati 45. Mji ukakua, hoteli zikaongezeka, vijiji vikaunganishwa, waya ni uleule.

Mei 21, 2008 hitilafu ikatokea upande wa Fumba. Giza mpaka Juni 18. Watu wakashukuru Mungu, wakasahau. Desemba 10, 2009 umeme ukakatika tena, ukarudi Machi 2010. Pemba haikuguswa, maana wakati ule ilikuwa na majenereta yake.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Taa hazikutusumbua sana. Kibatari kilikuwepo, na mishumaa. Kilichotutesa ni maji. Maji ya mji yanavutwa na pampu, na pampu inataka umeme. Mifereji ikakauka. Tukawa tunabeba ndoo na madumu kwenda kwenye visima vya zamani, vile ambavyo wakubwa walikuwa wameshaviacha. Na jamani, tuseme kweli: waliobeba wengi wao ni akina mama na watoto wa kike.

Giza lile halikuwa sawa kwa wote. Mwenye hela alinunua jenereta na dizeli, Mji Mkongwe ukawa unanguruma usiku kucha. Muuza samaki bila barafu alilazimika kuuza kwa bei ya hasara kabla jua halijazama. Fundi cherehani wa umeme alikaa barazani. Mgonjwa hospitali naye alitegemea kama kuna mafuta ya jenereta.

Mwaka 2013 waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa, kwa msaada wa Marekani. Nafuu kubwa, sikatai. Lakini na huo unapita chini ya bahari ileile, na sehemu kubwa ya umeme wa Unguja bado inatoka bara.

Ndiyo maana nikisikia umeme unaitwa anasa, nakataa. Kwetu umeme ulikuwa maji ya kunywa, na tulilijua hilo siku ulipoondoka. Wewe je, maji ya nyumbani kwenu yanavutwa na nini? Na pampu ikizima mwezi mzima, kisima cha karibu unakijua kilipo?