Mkunga Kipofu wa Maporomoko ya Kongo

Mto Kongo, ukiisha kupumzika katika Bwawa la Malebo, baina ya Kinshasa na Brazzaville, hubanwa na majabali na kuteremka kwa ghadhabu hadi Matadi, masafa ya takriban kilomita 350. Chini ya povu na ngurumo hizo, katika nyufa za mawe zisizofikiwa na nuru ya jua, ndimo aishimo samaki huyu, ambaye mtaalamu wa Kibelgiji Max Poll alimwainisha mwaka 1958 na kumpa jina la Pierre Brichard, mkusanyaji wa samaki. Naye hujulikana kwa wataalamu kama *Mastacembelus brichardi*.

Mtazame kwa makini: mwili mwembamba kama ukambaa, ngozi iliyopauka ikawa ya waridi hafifu, safu ya vijiiba mgongoni, kila kimoja kimesimama peke yake, na pua iliyochomoza mithili ya kidole kipapasacho. Ama macho, ni madogo mno, nayo yamefunikwa na ngozi. Ijapokuwa umbo lake ni la mkunga, nasaba yao ni mbalimbali, kwani mikunga halisi hawana miiba hiyo. Nasi twaona ni dhuluma kumhesabu kuwa mwenye ila, ilhali wembamba huo ndio umwezeshao kujipenyeza mwambani, mahali ambapo mkondo, pamoja na nguvu zake zote, haumng'oi.

Jirani yake, *Lamprologus lethops*, wa jamaa ya sato, naye ni kipofu aliyepauka, na yaaminiwa kuwa hukaa vilindini, katika mto ambao wapimaji wameukuta na kina kinachozidi mita 200.