Mkimbio si mbio

Rasimu ya istilahi za michezo imenifikia tena, safari hii ikiwa na jalada jipya na makosa yaleyale. Kamati iliyoiandaa sitaitaja, inajijua. Wajumbe wake ni watu wa heshima, na kila mmoja ukimpata peke yake anazungumza Kiswahili kisicho na dosari. Wakikaa meza moja ndipo lugha inapowaponyoka. Katika ukurasa wa kriketi, neno la Kiingereza "run" limetafsiriwa "mbio". Ukifungua ukurasa wa besiboli, neno hilohilo limegeuka kuwa "alama ya duru kamili". Dhana moja imepewa majina mawili, na yote mawili ni ya kukataa.

Msomaji hahitaji kufundishwa kwamba kriketi na besiboli ni michezo ya ukoo mmoja: mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa gongo, wengine wanausaka mpira uwanjani, na mwisho wa yote zinahesabiwa hizo "run". Kriketi ina wachezaji 11 kila upande, besiboli 9. Timu ya kriketi hupisha wenzao ikiangukiwa na wiketi kumi, yaani wapigaji wake kumi wakitolewa. Ya besiboli hupisha watu wake watatu wakitolewa, na zamu huendelea hivyo mpaka duru tisa zitimie. Hayo yanafahamika. Kinachoninyima usingizi ni jina la kile kinachohesabiwa, na jina hilo kwa Kiswahili ni mkimbio, wingi wake mikimbio.

Niseme mapema kwamba neno hili si langu. Waandishi wa michezo wa Kenya wamekuwa wakiliandika magazetini bila kumwomba mtu ruhusa, na nadhani ndiyo sababu lina afya. Yangu ni kazi ya uwakili tu, tena wa kujitolea.

Tuichukue "mbio" kwanza. Tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, Kenya iliifunga Sri Lanka kwenye Kombe la Dunia. Wenyeji walipata 210, wageni wakaishia 157, Collins Obuya akiwa ameangusha wiketi tano peke yake. Sasa andika kichwa cha habari kwa istilahi ya kamati: "Kenya yaishinda Sri Lanka kwa mbio 53." Msomaji wa Eldoret atashangilia, kisha atauliza ni mbio za mita ngapi. Katika nchi ambayo mbio zina wenyewe, na wenyewe wana medali, kuwanyang'anya neno na kuwapa watu wa kriketi ni kutafuta ugomvi bure. Hata tukiiweka riadha pembeni, "kushinda kwa mbio" mtu atakusikia unasema kushinda harakaharaka. Njoo mbio, alitoka mbio, wakapiga mbio: neno limeshazoea kukaa pembeni ya kitenzi na kukihimiza. Umoja na wingi wake ni sura moja, na ukimwambia mtu "mbio moja" anakutazama akisubiri umalizie.

Mchezo wenyewe pia unaikataa tafsiri hiyo. Wapigaji wawili wa kriketi husimama kwenye ncha mbili za njia yenye urefu wa yadi 22. Mpira ukipigwa mbali, wanabadilishana nafasi. Wakivuka wote wawili, na mwili au gongo la kila mmoja likagusa chini nyuma ya mstari wa upande wa pili, timu imepata moja. Kati ya mstari na mstari ni futi 58, yaani mita 17.7 hivi. Lakini mpigaji mwenye tamaa ya kupata ya pili hugeuka mapema: gongo linaelea hewani, shibiri moja kabla ya mstari, naye kisigino ameshakigeuza. Mwamuzi ameona. Hapigi filimbi wala kelele. Anasubiri mpira utulie, kisha anaukunja mkono na kugusa bega lake kwa ncha za vidole, na waandika hesabu wanaelewa kwamba mojawapo imefutwa. Kwa lugha ya kamati, jamaa "alikimbia mbio mbili akapata mbio moja", sentensi ambayo hata mwenyekiti wake hawezi kuisoma bila kutabasamu. Kwa lugha ninayoitetea, alikimbia mara mbili akapata mkimbio mmoja. Mtoto wa darasa la nne ataelewa.

Kuna na upande wa pili wa jambo hilo. Tarehe 4 Oktoba 1996, katika uwanja huohuo wa Gymkhana, kijana wa Pakistani aitwaye Shahid Afridi alifikisha 100 kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, rekodi iliyosimama hadi 2014. Alitoka akiwa na 102. Mipira 11 aliivusha ukingo wa uwanja bila kugusa chini, kila mmoja ukahesabiwa sita. Mingine 6 iligusa chini kabla ya kufika ukingoni, kila mmoja ukahesabiwa nne. Piga hesabu mwenyewe: 90 kati ya 102 zilikuja bila yeye kulazimika kuhama alipo. Wahenga walituambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Katika kriketi ukingoni ndiko hesabu inakonona, na wenye kukimbia husimama wakatazama.

Besiboli nayo ina vituko vyake. Vituo ni vinne, kimoja na kingine vimeachana futi 90, na anayeondoka pa kupigia akavigusa vyote kwa mpangilio na kurudi alipoanzia amesafiri mita 110 kasoro kidogo. Anaweza kuzimaliza karibu zote, akateleza kwa tumbo kuelekea kituo cha mwisho, na mlinzi akamgusa kwa mpira vidole vikiwa vimebakiza inchi mbili. Hakupata kitu. Halafu iko siku vituo vitatu vya kwanza vyote vina watu, mrushaji ametupa mipira minne isiyofaa mbele ya mpigaji mmoja, na kwa sheria mpigaji huyo anapewa kituo cha kwanza bure. Aliyekuwa cha kwanza anasogea cha pili, wa pili anakwenda cha tatu, na wa tatu anarudi nyumbani taratibu, mabega yamelegea, kofia mkononi. Ubao unaongezeka moja. Ni nani atakayeandika "mbio" kwa mtu aliyekuwa akitembea?

Hapo mpinzani wangu mmoja, mhariri mwenye kalamu kali na subira ndogo, huniuliza swali analoliona la kunimaliza: mkimbio nao si kukimbia tu, kumevikwa kiambishi? Ndiyo, kumevikwa kiambishi, na kiambishi ndicho kinachofanya kazi. Kiswahili kina desturi ya kukichukua kitenzi, kukiwekea m- mbele na -o nyuma, na kukitoa kikiwa kitu kinachoshikika na kuhesabika. Piga ikatoa mpigo, sema ikatoa msemo, kata ikatoa mkato, ruka ikatoa mruko, lia ikatoa mlio. Msemo unabaki msemo hata ukichorwa ubavuni mwa daladala na hakuna anayeusema. Mchezo umetoka kwenye cheza, lakini timu isipotokea uwanjani mwenzake anapewa mchezo huo bila mtu kucheza, na hakuna anayelalamikia sarufi. Umbo hili likishazaliwa linajitegemea. Mkimbio ulizaliwa na kukimbia, ukakua, ukahama nyumbani. Afridi alipata mikimbio 90 akiwa amesimama, na neno halikutetereka. "Mbio" haina umbo hilo. Haiwezi kuacha kukimbia.

Mwingine ananiambia mkimbio unanuka ukimbizi. Ananuka yeye kwa kutosoma. Kamusi za zamani zinaipa kimbia maana ya kutoroka hatari, kumpa mgongo anayekufukuza, na maana hiyo bado inaishi ndani ya mkimbizi na kimbilio. Kwa kwenda kasi tu, wazee walikuwa na kupiga mbio. Basi hebu mtazame mchezaji aliye katikati ya mistari miwili ya kriketi, au kati ya kituo cha kwanza na cha pili cha besiboli. Anashindana na mpira. Mpira ukimtangulia, amekwisha: wiketi inavunjwa, au anaguswa, na anatoka. Akishavuka mstari, akishakanyaga kituo, yuko salama na hakuna wa kumgusa. Huyo ni mtu anayekimbia kwa maana ya babu zetu hasa, na ana mahali pa kukimbilia. Ningekuwa na nguvu ningependekeza vituo vya besiboli viitwe makimbilio, neno ambalo kila msomaji wa Zaburi analijua, ila vita viwili kwa mpigo mmoja sina ubavu navyo.

Wako wanaosema tuwafuate Waingereza na Wamarekani neno kwa neno, kana kwamba hao walizaliwa nalo. Katika karne ya 18 wacheza kriketi wa Uingereza walihesabu "pengo", kwa sababu mwandika hesabu alikaa kando ya uwanja na kijiti na kisu, akichonga alama moja kwa kila safari. Kanuni za klabu ya Knickerbocker ya New York za 1845, ambazo besiboli ya leo imezikalia, ziliita kila mzunguko kwa jina la ree, ile karata ya juu kabisa, na mshindi alikuwa wa kwanza kufikisha ree 21. Duru tisa zilikuja na mkutano wa 1857. Kwa hiyo wenye michezo walihesabu chale za kijiti na karata kabla ya kutulia kwenye neno la miguu. Nasi tunaruhusiwa kutulia kwenye letu.

Kuhusu "pointi", na pacha wake "alama", nitasema kidogo kwa kuwa halistahili zaidi. Katika Kombe lile la 2003 New Zealand ilikataa kuja Nairobi, Kenya ikapewa pointi 4 bila kurusha mpira. Siku tatu baadaye ikapata nyingine 4 kwa kuifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53. Pointi hukaa kwenye jedwali la mashindano, mikimbio hukaa kwenye ubao wa mchezo. Mtangazaji anayesema Kenya ilipata pointi nne kwa ushindi wa pointi hamsini na tatu anastahili simu zote atakazopigiwa.

Linabaki dai moja lenye akili, nalo nalipa haki yake: kwamba mkimbio wa mita 17.7 na ule wa mita 110 haiwezi kuwa na jina moja. Brian Lara alipata 400 peke yake katika mechi moja huko Antigua mwaka 2004. Watoto wa Lugazi, Uganda, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto kule Williamsport mwaka 2012, waliifunga timu ya Gresham, Oregon, kwa 3 dhidi ya 2, na ulikuwa ushindi wa kuimbiwa. Thamani zinapishana, nakubali. Lakini goli la mpira wa mikono na goli la soka nazo zinapishana, na hakuna kamati iliyokaa kuligawa neno goli. Kamati ilipotunga "alama ya duru kamili" ilikuwa inapima urefu wa njia. Ilisahau kwamba mtangazaji ana pumzi moja tu, na mkimbiaji atakuwa ameshafika nyumbani kabla "kamili" haijatoka mdomoni.

Hoja hizi zote niliziandika na kuziwasilisha kwa utaratibu, zikiwa na mifano na viambatisho. Nilijibiwa kwa sentensi moja kwamba maoni yangu "yamezingatiwa", na rasimu ikachapwa upya kama ilivyokuwa, isipokuwa nukta moja iliyohamishwa. Wajapani walilipata jina lao la besiboli, "yakyu", yaani mpira wa uwandani, kwa kalamu ya kijana mmoja aitwaye Chuma Kanoe mwaka 1894, na neno hilo ndilo wanalotumia hadi leo. Sijui kama naye aliambiwa amezingatiwa.

Matumizi, kwa haraka: mtu hupata mkimbio, hafungi; timu hushinda kwa mikimbio ikiwa ilipiga kwanza, na kwa wiketi ikiwa ilipiga ya pili; ule unaofutwa na mwamuzi ni mkimbio mfupi, na unaotolewa kwa kosa la mrushaji ni mkimbio wa ziada; kwenye ubao andika tarakimu peke yake, 210 kwa 9, bila kitu nyuma yake.