Kibanda, Barabara na Haki ya Mpitaji

Sisi wa Bonde la Lambwe tukitaka bidhaa za jumla hushika njia ya Homa Bay au ya Migori. Mjini Migori barabara kuu ya A1, itokayo Isebania mpakani kwenda Kisii hadi Ahero, ndiyo pia njia ya sokoni. Simama kando yake siku ya soko. Mama muuza omena ametandaza turubai hadi ukingoni mwa lami. Kila lori linapokaribia huvuta turubai nyuma kwa mkono mmoja, na mwingine ameuzungushia karai lake. Mtoto wa shule anayetaka kupita kati ya turubai na bodaboda zilizopaki hana pa kukanyaga ila lami yenyewe, mgongo wake umeelekea trela la miwa.

Nautanguliza msimamo wangu: barabara za namna hii, zinazokata katikati ya miji yetu, zipanuliwe, hata pale ambapo upanuzi utaondoa biashara zilizopo. Nasema hivyo nikijua kwamba omena ya turubai lile ndiyo karo ya mtoto wa mtu.

Hoja ya wapinzani ina nguvu kwa sababu hasara wanayoitaja inaonekana. Kibanda kikibomolewa, mabati hulala chini na mwenyewe yupo kulia. Hasara ya wembamba wa barabara haina mlizi mmoja. Imegawanyika kwa abiria wa matatu aliyechelewa kliniki, kwa samaki wa Mbita waliooza njiani, kwa mwenda kwa miguu aliyegongwa. Kila mmoja hubeba kipande chake kimyakimya akaenda zake. Tuliwahi kuliona jambo hili katika Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi mji wa Mbita na kisiwa cha Rusinga viliunganishwa kwa tuta lililoziba mkondo wa maji. Aliyevuka alifaidika wazi, na maji yaliyokosa kupita hayakuwa na msemaji, mpaka daraja lilipojengwa na mkondo ukafunguka. Katika hesabu ya barabara mpitaji ndiye yale maji. Sera inayosikiliza kilio cha karibu peke yake haijatenda haki, imetii tu sauti iliyo kubwa zaidi.

Mfano mkubwa wa upanuzi katika Afrika Mashariki ni Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, Tanzania. Mwaka 2017 nyumba na maduka kati ya Kimara na Kiluvya yalibomolewa ili kupisha njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Serikali ilishikilia kwamba hifadhi ya barabara pale ni mita 121.5 kila upande, kwa hiyo waliokuwa ndani yake hawakustahili fidia. Kwingineko nchini, Sheria ya Barabara ya 2007 ilikuwa imepanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na rangi ya alama ya X ukutani ikawa hukumu: ya kijani kwa aliyefuatwa na sheria mpya, naye alipwe, nyekundu kwa aliyeifuata barabara, naye aondoke mikono mitupu.

Naukubali upanuzi ule, ila rangi mbili hazitoshi. Katika X nyekundu waliwekwa kapu moja mjanja aliyejua anachofanya na mtu aliyekaa miaka mingi, akauziwa umeme na kudaiwa kodi, bila ofisi yoyote kumwambia kwamba amekaa njiani. Hata hivyo jambo moja la mwaka 2017 lilistahili heshima. Pale Ubungo, kwa ajili ya barabara za juu, sehemu ya jengo la makao makuu ya Tanesco, shirika la umeme la serikali, nayo ilibomolewa. Dola ilipojikata yenyewe, ilipata haki ya kumwambia mwenye kioski asogee.

Kenya ina maandishi bora zaidi, lakini nayo yana pengo. Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inamtaka mtwaa ardhi alipe fidia ya haki na kwa wakati, na inaruhusu kumfidia hata aliyekaa kwa nia njema bila hati. Ruhusa hiyo inahusu ardhi inayotwaliwa. Hifadhi ya barabara haitwaliwi, kwa kuwa tayari ni ya umma. Katika kesi ya Mitu-Bell, mwaka 2021, Mahakama ya Juu zaidi ilitambua kwamba maskini waliojenga makazi kwenye ardhi ya umma hupata haki ya makazi inayolindwa, ingawa si hati. Hukumu hiyo ilihusu makazi. Muuza omena wetu haishi pale barabarani, anauza tu. Basi sheria inamlinda mwenye ploti nyuma yake na mwenye kibanda cha kulala, yeye inamruka.

Wengine hulitumia pengo hili kuipinga barabara yenyewe. Mimi naona linadai kitu kingine. Mfanyabiashara hana haki ya kuumiliki upana wa njia, kwa maana upana huo ni mali ya kila apitaye, yeye mwenyewe akiwemo akibeba mgonjwa usiku. Anachodai kwa haki ni wateja wake, na wateja huhamishika wakihamishwa pamoja na soko. Soko lililojengwa mbali na steji halina mnunuzi, na baada ya mwezi turubai litarudi palepale kandokando ya lami mpya. Lijengwe steji ilipo, nafasi zigawiwe kwa orodha iliyobandikwa hadharani, na wa kwanza kwenye orodha wawe wale waliokuwa wakilipa ushuru wa siku. Kaunti iliyopokea ushuru huo kila asubuhi haiwezi kudai kwamba haikuwajua.

Wawakilishi wa wadi wa Migori na Homa Bay, pitisheni bajeti ya masoko hayo kabla ya kuomba upanuzi. Barabara ipanuliwe, na tingatinga lisiguse turubai la mtu kabla meza yake mpya haijasimama.