Mzizi wa Neno Kupwa

Msomaji, wanazuoni wa kale wa Bara Hindi, na mashuhuri wao ni Panini, walikusanya mizizi ya vitenzi vya Kisanskriti ipatayo 2,000, wakaonyesha jinsi kila mmoja unavyozaa maneno. Kazi kama hiyo yaweza kufanywa katika lugha yetu pia, nayo hufunua habari ambazo hakuna aliyeziandika. Nakuomba tufuatane hata visiwa vya Lamu, tuchukue mzizi mmoja tu, nao ni mfupi mno: -pwa.

Mkaazi wa Amu au Pate hapangi safari bila neno hili. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufikia kama mita 3. Njia ya kuingilia mji wa Pate ni ya maji machache, na chombo hungoja yajae ndipo kipite. Nahodha asiyejua saa za maji, chombo chake hupwelewa, yaani huachwa kimekaa juu ya mchanga au matope.

Kupwelewa, basi, ni mtoto wa -pwa. Ndugu yake ni kupwea, neno linalosemwa juu ya sauti iliyokauka: aliyekesha akisoma maulidi huamka sauti imempwea. Kipwa ni mwamba au fungu linaloonekana maji yakitoka. Na pwani, neno tulitumialo sote bila kulifikiri, ni mzizi huo huo uliotiwa -ni ya mahali: ni pale maji yapwapo. Siku hizi maana yake imepanuka sana, hata Mkoa wa Pwani wa Tanzania una wilaya zisizogusa bahari, kama Kisarawe. Lakini mpwa, mtoto wa dada yako, usimtie katika ukoo huu. Yeye ana asili yake nyingine.

Mzizi wenyewe umetoka wapi? Wako wadhanio kwamba mambo yote ya bahari katika Kiswahili yaliletwa na wageni. Ni kweli kwamba bahari ni neno la Kiarabu, na nanga limetoka Uajemi. Lakini wasikilize Wachewa wa Malawi: mto wao ukikauka, hutumia neno kuphwa. Washona wa Zimbabwe, nchi isiyo na bahari kabisa, husema -pwa kwa kisima au kijito kilichokauka. Mzizi huu, basi, ni wa Kibantu, na yaelekea maana yake ya kwanza ilikuwa kukauka kwa maji. Watu walikuja nao hata ukingo wa bahari, wakayakuta maji yanayoondoka na kurudi, wakayaeleza kwa neno walilokuwa nalo. Kwangu mimi neno hili dogo ni shahidi mzito kuliko hadithi nyingi za asili ya Waswahili.

Na kupwa kumewahi kuamua vita. Mnamo mwaka 1812 hivi, jeshi la Pate pamoja na la Wamazrui wa Mombasa lilishuka katika pwani ya Shela, mwendo wa kama kilomita 3 kutoka mji wa Amu, likitaka kuuteka mji huo. Waamu walitoka wakapigana nalo, wakalishinda. Wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa, na vyombo vimekaa mchangani havisukumiki. Wengi waliuawa pale pale, hawana pa kwenda.

Waamu hawakulala kwa ushindi huo. Walijua Mombasa ina nguvu na italipiza kisasi, kwa hiyo wakamwomba Sayyid Said wa Oman awalinde. Akawapelekea liwali na askari, na ngome ya mjini ikamalizwa kujengwa mwaka 1821 hivi. Ngome hiyo ingalipo hata leo, lakini bahari imejitenga nayo: ufuo uliokuwa mbele yake ulijazwa kifusi, zikajengwa nyumba, na maji hayaifikii tena, yajae au yapwe.