Klipu za Grogan

Mwaka nilioacha chuo nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuniletea doo: kompyuta niliyoijenga kipande kwa kipande, ya kuhariri video za harusi. Shida ni kwamba ilikuwa inashika moto hadi inajizima yenyewe katikati ya kazi. Binamu yangu, fundi wa magari, aliitazama akaniuliza, "Kwani huwezi kuiwekea maji kama gari?" Nilicheka. Wiki mbili baadaye nilikuwa Kirinyaga Road, ile sisi wote huita Grogan, nikitafuta klipu za kukaza mpira.

Muuzaji hakuniuliza kazi yake. Aliuliza tu, "Unataka Jubilee za saizi gani?"

Tulia, si mambo ya siasa. Jubilee ni jina la biashara kutoka Uingereza. Mwaka wa 1921, Lumley Robinson, aliyekuwa kamanda katika jeshi la wanamaji la nchi hiyo, alipata hataza ya klipu yake, na kampuni yake ikaota mizizi Gillingham, huko Kent. Hakuwa wa kwanza kufikiria jambo hili. Kampuni ya Uswidi iitwayo ABA, ambayo ilianza na vifaa vya kuzima moto, huhesabu historia yake ya klipu kuanzia 1896. Lakini jina la Robinson ndilo lililosafiri na magari ya Waingereza hadi kwenye gereji zetu, na likakwama hapo.

Ukiitazama vizuri, klipu hii ni akili tupu. Ni ukanda wa chuma wenye mikato midogo iliyolala kimshazari, na skrubu moja. Ukizungusha skrubu, nyuzi zake zinaingia kwenye mikato na kuuvuta ukanda, na duara linapungua kidogo kidogo. Kabla ya hapo watu walifunga mipira kwa waya na koleo, wakaomba Mungu. Sasa mtu mwenye bisibisi angeweza kukaza, kulegeza, na kukaza tena.

Na kompyuta je? Maji yaliingia humo zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. IBM walipoza mashine zao kubwa kwa maji tangu miaka ya 1960; System/360 Model 91 ni mojawapo. Mwaka wa 1980 walitangaza 3081, ambayo chipu zake ziliguswa na vijiti vya chuma ndani ya kasha lililojazwa gesi ya heliamu, kisha maji baridi yakapita juu yake kubeba joto. Hizo zilikuwa mashine za mabenki na serikali, zenye mafundi wao na mabomba yao. Katikati ya miaka ya 1990, IBM walipohamia chipu za CMOS ambazo hazikuwa na joto jingi hivyo, feni zikatosha na maji yakawekwa kando.

Walioyarudisha ni vijana, vyumbani mwao. Mwaka wa 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini ambayo wengi waligundua inaweza kusukumwa kutoka megahezi 300 hadi 450. Watu wakaonja utamu, wakataka zaidi, na kila hatua ikaongeza joto. Hakukuwa na duka la kuuza vifaa vya maji vya kompyuta ya nyumbani, kwa hivyo waliokota walichoweza. Pampu zilitoka kwenye matangi ya samaki, Eheim za Ujerumani zikipendwa sana. Rejeta ilikuwa ile ndogo ya kupasha joto ndani ya gari. Ya Pontiac Bonneville ya 1977 ilipata sifa za ajabu. Mipira ya plastiki ilitoka maduka ya mabomba. Na mpira ulipokutana na chuma, klipu ya gari ndiyo iliyoshika zamu.

Kwa hivyo mimi na binamu hatukuvumbua kitu. Tulikuwa tunarudia jua kali ya wenzetu wa ng'ambo, miaka ishirini na kitu baadaye.

Kosa langu lilikuwa kukaza. Kwenye gari mpira ni mnene, na maji yakichemka shinikizo hupanda. Kwenye kompyuta shinikizo ni dogo sana. Mpira wenyewe hushikiliwa na ule mdomo wa chuma wenye ukingo uliotokeza. Klipu inakaa nyuma ya ukingo huo kama mlinzi tu. Isitoshe, klipu ndogo ya skrubu haifanyi duara kamili: pale penye kichwa cha skrubu hubaki bapa. Ukikaza kwa hasira, makali ya ukanda yanakula plastiki laini. Nilikaza kwa hasira. Tena sikufanya kile kila mtu hushauri, yaani kuwasha pampu peke yake na kuiacha usiku kucha juu ya gazeti kavu.

Siku ya nne, tone moja lilidondokea kadi ya michoro. Harufu niliipata kabla ya skrini kuzima.

Kadi ilikufa na harusi ya mteja ikiwa nusu. Sikuwa na pesa, kwa hivyo nilimpigia mama, ambaye alidhani bado niko darasani. Alinyamaza, kisha akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia ukweli: tangu Januari. Miezi minane nilikuwa nimekaza uongo huo kila alipopiga simu, nikidhani ndivyo unavyoshika.

Siku hizi wajenzi wengi hutumia viungio vya kuzungusha kwa mkono, vinavyobana mpira sawasawa pande zote. Mimi bado natumia klipu, lakini za plastiki, na nakaza hadi mpira ukatae kuzunguka, basi. Zile za chuma nilimpa binamu. Moja iko kwenye rejeta ya matatu anayotengeneza, na haijavuja.

Mama alinitumia nusu ya pesa ya kadi. Nusu nyingine, alisema, nitafute mwenyewe.