Nani Alikuwepo Wakati wa Palizi

Historia ya Nyanda za Juu Kusini huandikwa kwa vita, dhahabu na reli. Mkwawa yumo, machimbo ya Lupa yamo, TAZARA imo. Palizi haimo, ingawa ndiyo iliyoamua mara nyingi nani angekula na nani angekopa.

Tuanze na kanuni yenyewe. Mwaka 1968 watafiti wa Mexico, Nieto, Brondo na Gonzalez, walieleza kwamba zao halidhuriwi na magugu kwa kiasi kilekile msimu mzima. Magugu ya siku za kwanza kabisa bado ni madogo na hayajanyang'anya kitu. Yale yanayoota baada ya zao kufunika ardhi hukosa mwanga. Hatari imo katikati, katika majuma machache ambapo mimea yote inagombea maji, mbolea na jua. Ukichelewa hapo, palizi itasafisha shamba lakini mavuno yaliyopotea hayarudi.

Kila zao lina saa yake. Kabichi iliyotoka kitaluni hutandaza majani mapana na kujifunikia ardhi. Kitunguu hakina bahati hiyo. Majani yake ni membamba na yamesimama wima, hayatoi kivuli, kwa hiyo hudai mkono wa mtu kwa muda mrefu zaidi.

Sasa ipeleke kanuni hiyo Rungwe ya miaka ya 1930. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na fedha zilikuwa mbali: Lupa kwenye dhahabu, Rhodesia ya Kaskazini kwenye shaba, mashamba ya mkonge Tanga. Kwa Wanyakyusa, kulima kwa jembe kulikuwa kazi ya wanaume na vijana wao, na palizi ilikuwa zaidi ya wanawake. Mwanamume alipoondoka, kulima kulichelewa, kupanda kukachelewa, na mashamba mawili yakaja kudai palizi juma moja. Aliyebaki alikuwa na mikono miwili tu. Ni rahisi kumwita mvivu mtu mwenye shamba chafu, ikiwa huulizi wengine walikuwa wapi.

Iringa walikuwa na jibu lao, vinyungu. Hizi ni bustani za mabondeni, zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Nyasi hukatwa, hulazwa, kisha hufukiwa chini ya tuta zioze ziwe mbolea. Faida nyingine ni ya kalenda: mboga za kinyungu hupaliliwa wakati mahindi ya mlimani hayadai chochote. Familia ileile inapata misimu miwili bila kugawa mikono yake.

Kisha ikaja siasa. Mwaka 1972 TANU ilitoa Iringa tamko la "Siasa ni Kilimo", na miaka miwili baadaye operesheni ya vijiji ikahamisha watu mkoani humo. Kwa kaya nyingi shamba likawa mbali na nyumba. Kwa palizi, umbali huo ni mzito, maana bustani ya mboga hutaka kutazamwa kila siku. Magugu unayoyaona mapema huyang'oa kwa vidole. Ukiyakuta baada ya wiki mbili unahitaji jembe na siku nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Leo ukipita barabara kuu ya kwenda Mbeya utakuta nyanya na vitunguu vya Ilula vikisubiri malori. Palizi imekuwa kibarua chenye bei, na wengine hununua dawa ya magugu. Lakini mkulima asiye na akiba huishiwa fedha majuma yaleyale ya hatari, kabla hajavuna chochote. Anakwenda kupalilia vitunguu vya jirani ili anunue unga, huku vyake vikimezwa. Miaka ya 1930 kodi ndiyo iliyomtoa mtu shambani. Sasa ni njaa ya katikati ya msimu.

Navyo vinyungu vimebanwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mto au chanzo cha maji. Maji ni lazima yalindwe. Ila anayemwondoa mkulima bondeni anamrudisha pia kwenye kalenda moja, ambamo kila shamba litataka kupaliliwa juma lilelile.