Lini Mgonjwa Aende Nyumbani

Tarehe 29 Januari 1881, jijini Vienna, Theodor Billroth alimpasua Therese Heller, mwanamke wa miaka 43. Alikata sehemu ya chini ya mfuko wa tumbo iliyoshikwa na saratani, akaunga kilichobaki na utumbo kwa nyuzi za hariri zipatazo 50. Waliomtangulia hawakubahatika: mgonjwa wa Jules Péan wa Paris, mwaka 1879, alifariki siku ya tano, na wa Ludwik Rydygier, mwaka uliofuata, hata siku moja hakumaliza.

Kilichotisha, na kinachotisha hadi leo, ni mshono kuvuja. Uchafu humwagikia ndani, homa hupanda, moyo huenda mbio. Tena si lazima uvuje mapema. Huweza kungoja siku kadhaa, mgonjwa akiwa ameshaanza kuchangamka na ndugu wameshaanza kuulizia gari.

Heller alipewa barafu anyonye, kisha maziwa ya mgando, kijiko kwa kijiko. Alipona jeraha, saratani ndiyo iliyomrudia, akafa Mei mwaka ule ule.

Ajabu ni kwamba wengi waliofuata walikuwa waoga kuliko Billroth. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 desturi ilikuwa mpira puani, dripu mkononi, na kinywa kikavu mpaka mgonjwa atoe upepo. Daktari akipita wodini huanza kwa kuuliza kama upepo umetoka, na mzee mzima hujibu akitazama ukuta.

Miaka ya 1990 daktari mpasuaji Henrik Kehlet wa Denmark aliuliza swali jingine: ni nini hasa kinachomzuia mgonjwa kuondoka? Maumivu, kichefuchefu, utumbo uliozubaa, kulala mno. Alivishughulikia vyote kwa pamoja, na baadhi ya wagonjwa wake wa utumbo mpana wakaondoka baada ya siku mbili.

Mfuko wa tumbo hauna haraka hiyo. Mwongozo wa mtindo huu kwa upasuaji wa mfuko wa tumbo ulitoka mwaka 2014. Maswali ya kumruhusu mgonjwa ni ya kawaida kabisa: Anakula laini bila kutapika? Vidonge vinatosha kutuliza maumivu? Anakwenda chooni mwenyewe? Homa hana, na kipimo cha damu cha CRP, kinachoonyesha uvimbe wa ndani, kinashuka? Mimi ningeuliza pia kwao ni mbali kiasi gani, maana mshono ukivuja usiku, kilomita nyingi za barabara mbovu zinaweza kumuua.